Vitenge Vibichi Mbele ya Mtakatifu Barbara

Bega langu la kulia liliacha kazi kabla yangu. Mimi nililifuata mwaka huu, 2019, nikiwa na miaka thelathini na mitatu, kwa hiyo msicheke mkisikia najiita mstaafu. Daktari alinionyesha picha ya mfupa, akaniambia nisinyanyue tena kitu kizito kupita kimo cha kifua. Nikamwuliza kizito maana yake kilo ngapi. Akasema, "Nilijua utauliza."

Nawaandikia ninyi mnaonipigia simu kutoka Goma, Kigoma, Bujumbura na Nakuru, na ninyi mlioko hapa hapa Johannesburg mnaosikia kanisani kwamba kuna kazi ya kubeba picha za sanaa na kwamba haitaki vyeti. Ni kweli haitaki. Mimi nina cha falsafa kutoka Bukavu, na hakijawahi kunisaidia kushuka ngazi na fremu ya kioo mikononi. Kazi yenyewe ni hii: picha inatoka mahali, inafika mahali, na njiani isijue kwamba imesafiri.

Msishike fremu kwa ubavu wa juu. Mkono mmoja chini, mmoja pembeni, na tumbo likae mbali. Vueni mkanda, pete na kile kitambulisho kinachoning'inia shingoni, kwa sababu mikwaruzo mingi niliyoiona ilitokana na vitambulisho, wala si wezi. Msitembee kinyumenyume hata kama mwenzenu anaapa njia ni nyeupe. Na kabla hamjanyanyua chochote, ulizeni kinakwenda kuwekwa wapi. Nimewahi kusimama na Malkia wa nani sijui mikononi kwa robo saa, watu wakibishana kuhusu meza.

Mtakosea. Mwaka wangu wa kwanza tulitundika picha kwenye ofisi za benki moja Randburg. Moja ilikuwa mistari tu, ya njano na ya kijivu, nami nikaitundika kichwa chini. Niligundua miezi mitatu baadaye, nilipokuta karatasi ya maelekezo kwenye mfuko wa koti la baridi. Tuliporudi kuigeuza, Mkenya mmoja wa ofisi ile alikuwa amesimama mbele yake na kikombe cha chai.

"Hii ndiyo naipenda," aliniambia. "Inanituliza."

Nikamnong'oneza bosi wangu kwamba mtu ameshaizoea, tuiache. Akajibu, "Mwenye kuichora hakuizoea vile. Kamata hapa." Tukaigeuza. Mkenya hakulalamika, ila nasikia alihamisha kiti.

Bosi huyo ndiye Papa Ilunga, fundi wa masanduku, mtu wa Lubumbashi. Karakana yake iko Doornfontein, chini ya ghorofa la kupanga, kati ya saluni na cherehani ya Mama Solange. Mnaodhani sanduku la picha ni mbao nne na misumari, nendeni mkamtazame. Hatumii msumari, anatumia skrubu. Ndani anaweka sponji aliyoikata kwa umbo la picha, na mdomo wa sanduku anauzungushia mpira ili hewa isipite. Ananusa ubao kabla ya kuununua. Ukimwuliza sababu, anasema, "Kamata hapa." Mimi nilimwuliza sababu ya kila kitu, akanibatiza Mama Kwa Nini, na jina likaenea mpaka saluni.

Kanuni iliyoniudhi kuliko zote ilikuwa ya kusubiri. Sanduku likifika kutoka mbali, linakaa ndani ya ukumbi, limefungwa, saa ishirini na nne. Hakuna kufungua, hakuna kuchungulia.

"Kwa nini ishirini na nne? Kwa nini siyo kumi?"

"Ni vile."

"Papa, 'ni vile' haiko sababu."

"Sasa fagia."

Nilikuwa nimesoma miaka minne nikifundishwa kutokubali jibu kama hilo. Mtaona lilinifikisha wapi.

Majira ya baridi ya 2015 zilikuja picha tisa kutoka jumba la sanaa la mji mmoja mdogo wa Italia. Nyumba yenyewe ilijengwa zaidi ya miaka mia tano iliyopita na ukoo wa wafanyabiashara wa sufu, na sasa ni mali ya manispaa. Aliyezisindikiza aliitwa Lorenza, mwanamke mwembamba wa miaka hamsini hivi, mtunzaji wa picha zile. Kwa Papa Ilunga aliongea Kifaransa, kwangu Kiingereza, na kote alisimulia lile jumba kama mtu anayesimulia mama mkwe anayempenda. Ghorofa ya chini ni ofisi za mji. Watu wanaandikisha watoto wao hapo, wanalipa faini, wanafunga ndoa, na mchele wa harusi unaingia kwenye viatu vya wanaopanda kuangalia picha. Anayekata tiketi ndiye pia anayesajili mbwa. Katikati kuna ua wenye kisima, na njiwa ambao hakuna diwani aliyewahi kuwashinda. Mto uko karibu, kwa hiyo kuta zina unyevu mwaka mzima.

"Picha zetu zimezoea unyevu huo kama sisi tulivyozoea baridi yabisi," alisema.

Sasa mjue kilichokuwa kinapimwa. Majumba ya nje yana orodha ya mafundi yanaowaamini. Haikubandikwa ukutani popote, lakini ipo, na Papa Ilunga hakuwamo. Kwa miaka tisa alitengeneza masanduku mazuri kuliko ya kampuni kubwa, na kampuni kubwa zikabandika majina yao juu yake. Safari hii alipewa kazi yeye mwenyewe: kupokea, kutundika, na kutengeneza masanduku mapya ya kurudi nayo. Lorenza alimwambia waziwazi kwamba picha zikirudi salama, jumba litaandika barua ya kumsifia kwa wengine. Zisiporudi salama, barua pia itaandikwa.

Nane zilikuwa za turubai, zikafika mwanzoni mwa wiki, zikasubiri, zikafunguliwa, zikatundikwa. Ya tisa ilikuja peke yake, imechorwa juu ya ubao: Mtakatifu Barbara ameshika mnara mdogo mkononi. Papa Ilunga ni shemasi wa kanisa la uamsho kule Turffontein, na sanamu hazimhusu. Lakini baba yake alichimba shaba Katanga, na mabwana wa mgodi walikuwa wakiadhimisha siku ya Barbara, mlinzi wa wachimba madini, kwa kugawa bia. "Mie siombi watakatifu," alituambia, "lakini huyu tunajuana."

Sanduku lilifika ukumbini saa kumi na mbili asubuhi. Ukumbi ni nyumba ya kizamani hapo hapo Doornfontein, ya enzi za matajiri wa dhahabu. Lorenza, aliyekesha akilisindikiza, akakagua skrubu, akasema tutafungua kesho muda kama huu au baadaye kidogo, akaenda kulala kwenye hoteli ya jirani. Papa Ilunga akaenda Randburg kumalizia kazi nyingine. Nikabaki mimi na Jabu, mzaliwa wa Soweto mwenye umri wa baba yangu, aliyejifunza Kiswahili cha karakana.

Mwaka ule umeme ulikuwa wa mgao. Nikatazama ratiba kwenye simu. Kesho asubuhi yote, giza. Leo utakatika saa kumi jioni. Uzinduzi ni kesho jioni. Nikapiga hesabu, hesabu ikanipendeza: tukifungua saa tisa tuna saa nzima ya taa.

"Papa amesema kesho," Jabu alisema.

"Kesho utafungua na tochi mdomoni?"

"Na yule mama?"

"Akiamka atakuta imetundikwa, atashukuru. Jabu, ubao hauna saa mkononi. Utajuaje kwamba zimepita tisa na siyo ishirini na nne?"

"Eish, dada. Mimi nabeba. Kufikiri ni kwako."

Sikufungua kwa ajili ya umeme peke yake. Nilitaka pia kumwonyesha Papa Ilunga kwamba kanuni yake ni mazoea tu. Hilo sikumwambia Jabu.

Tulifungua, tukatundika, na kwa dakika arobaini nilikuwa mtu mwenye akili kuliko wote Doornfontein. Barbara alikuwa mzuri. Mnara wake ulikuwa mdogo kama mkate, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekatizwa akiwa katikati ya kazi. Saa kumi taa zikazima, na pamoja nazo ile mashine inayotia unyevu chumbani. Mnajua baridi ya hapa jinsi ilivyo kavu: midomo inapasuka, nywele zinalia ukizichana. Kipimo cha unyevu ukutani kilikuwa hamsini. Kikashuka arobaini na mbili. Nikafunga milango. Kikashuka thelathini na tano.

Kisha nikaona kingo za ubao zinarudi nyuma na katikati kunatokeza mbele, polepole, kama mtu anayevuta pumzi. Pale mbao mbili zilipounganishwa, kando ya mnara, ukatokea mstari mwembamba, na rangi ikaanza kuinuka pembezoni mwake kama magamba ya samaki.

Nikapiga simu Randburg.

"Papa, nimefungua."

"Umefungua nini?"

"Barbara."

Nikasikia bisibisi ikiwekwa chini. "Usiiguse. Usiirudishe sandukuni, rangi itaanguka. Ita Lorenza. Mie nakuja."

Alikuja, lakini roboti zote, ndivyo wanavyoziita hapa taa za barabarani, zilikuwa zimezimika na kila makutano magari yamefungana.

Lorenza alifika kwa miguu, nywele zikichuruzika maji kutoka bafuni. Aliitazama picha kwa ubavu na tochi, mikono ameifunga nyuma ya mgongo. Nikaanza kueleza ratiba ya umeme. Akanikatiza.

"Nani anakaa karibu na hapa?"

Nikadhani anatafuta mashahidi.

"Watu wenye nguo," alisema. "Nguo na mabeseni."

Kiangazi kimoja mashine ya kwao ilikufa, akaeleza haraka, na Pina, mke wa mzee mshika funguo wa jumba, alianika mashuka mabichi ndani ya chumba cha picha mpaka fundi alipokuja. Hewa ikanywa maji kwenye mashuka badala ya kunywa kwenye mbao. Nikakimbia kwa Mama Solange. Nilikuta anafunga duka na marobota ya vitenge vipya mezani.

"Vipya havifai," alisema nilipomweleza na kuvidaka. "Vinatoa rangi. Mnataka vya zamani, vilivyofuliwa mara mia." Akasimama uani na kuita majina juu ya ghorofa, na wanawake wakaanza kushuka na mabeseni vichwani.

Mmoja alisimama mbele ya Barbara akisikitika. "Ndiye anayekauka?"

"Ndiye."

"Mtu ametoka kwenye mto mnamleta Jobeki mwezi wa saba. Hamkumpaka hata mafuta."

Tulikamua, tukafunga kamba toka ngazi hadi ngazi, tukaanika. Vitenge vya ndege, vya funguo, vya feni, vya uso wa rais aliyekufa zamani. Kipimo kilikuwa thelathini na moja. Kikakaa hapo kwa muda mrefu sana. Halafu thelathini na nne. Lorenza alikaa sakafuni akikiangalia, na kwa sababu hakuna kingine cha kufanya akatusimulia vyumba vya jumba lake, kimoja kimoja, madirisha yapi hufunguliwa asubuhi zipi, ngazi ipi imelika katikati kwa miguu ya watu waliokuja kulipa faini. Alikuwa ananituliza, au anajituliza. Jabu alikuwa anapokea mabeseni mlangoni. Kipimo kikafika thelathini na tisa.

Papa Ilunga aliingia, koti bado mwilini. Akaangalia kamba zote, akaangalia picha. Akasogeza ngazi moja nyuma hatua mbili. "Hapa ni karibu mno," alisema. Hilo tu.

Umeme uliporudi, mashine iliguna, ikatoa moshi, ikafa moja kwa moja. Kwa hiyo vitenge vilikaa siku mbili, tukivilowesha kwa zamu. Uzinduzi ukasogezwa. Msimamizi wa ukumbi alipotaka viondolewe wafadhili wasivione, Lorenza alimwambia vikiondoka na mtakatifu anaondoka. Siku ya tatu ubao ulikuwa umerudi karibu kunyooka, magamba yamelala. Ufa ulibaki, mrefu kama kidole changu cha shahada, mwembamba kama unywele.

Ndipo ikaja karatasi. Kila picha ina karatasi ya hali yake, na kila alama mpya lazima iandikwe ilipatikanaje. Lorenza akafungua kalamu.

"Nani alifungua?"

"Mie," alisema Papa Ilunga.

"Si yeye," nikasema. "Yeye alikuwa Randburg."

"Nyamaza, Mama Kwa Nini."

"Mtu aliyeko Randburg hafungui sanduku Doornfontein, Papa."

"Sanduku zote za karakana nafungua mie. Ata nikiwa nimelala."

Lorenza alitutazama kwa zamu. Kisha akaandika jina langu, Riziki, kwa herufi zilizonyooka, na chini yake akaeleza mambo yote: saa tisa badala ya ishirini na nne, mgao, vitenge. Hakupunguza, hakuongeza. Papa Ilunga akageukia dirishani. Miaka tisa aliyosubiri ilikuwa ndani ya ile karatasi, nami ndiye niliyeiweka.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Wiki sita sikupewa bisibisi, nilikata sponji na kufagia. Siku moja nikamwuliza tena, safari hii nikiwa nimekaa chini: kwa nini ishirini na nne? Hakusema kamata hapa. Alichukua kipande cha ubao, akakilowesha upande mmoja, akakiweka kwenye jua la mlangoni, akaniambia nikiangalie. Nilikaa asubuhi nzima. Kilikunjika polepole kama ukucha.

"Ulisema ubao hauna saa," alisema akipita. "Ni kweli. Ndio maana saa unakamata weye."

Ulizeni, vijana. Sitawaambia muache, mimi mwenyewe sijaacha. Kosa langu halikuwa kuuliza. Niliuliza kisha nikaenda zangu kabla jibu halijafika, na jibu la ubao linachukua saa ishirini na nne.

Maonyesho yalipokwisha, barua ilifika kutoka kwenye jumba. Papa Ilunga aliiweka mfukoni bila kuisoma, akamaliza kufunga skrubu za sanduku la Barbara, akanawa mikono, ndipo akanipa nimsomee kwa sauti. Walitaka picha zisindikizwe na mtu wa karakana mpaka ndani ya chumba chao. Walisema mafundi wengi huandika kwamba hakuna kilichotokea, na hii ndiyo karatasi ya kwanza waliyoiamini yote. Mama Solange alikuja na soda. Papa Ilunga akaenda nyuma ya mbao kwa muda, akarudi na macho mekundu, akasema ni vumbi.

Mimi nina karatasi ya mwomba hifadhi, sivuki mpaka. Akaenda yeye, kwa koti la kanisani. Siku ya pili akanipigia.

"Papa, umefika? Wamefungua?"

"Wanataka kufungua. Wanasema wafungue mbele ya chakula cha mchana, bila kungoja kesho. Nimekatala. Nimeomba kiti."

"Jumba likoje?"

"Sijui. Tangu nifike naangalia sanduku."

"Umekula?"

"Yule Pina ameniletea. Mume wake, mzee wa funguo, ameniletea kitabu. Kila picha ina ukurasa wa ajali zake. Barbara ameunguzwa na mshumaa. Ameangukiwa na ngazi. Askari mmoja amemtoboa kwa kisu, wamemziba. Sasa Lorenza ameandika Johannesburg na jina yako."

Nikakaa juu ya mkebe wa rangi. "Peke yake?"

"Peke yake. Nikaomba kalamu, nikatia na yangu."

"Lakini Papa, hukuwapo. Hicho ni kitabu cha ukweli, huwezi..."

"Nimeandika ukweli. Nimeandika: mwenye karakana hakuwapo, alikuwa Randburg."

"Na wamekubali?"

"Mzee wa funguo ameuliza Randburg iko mbali gani na Doornfontein. Nikamwambia, roboti zikizimika, saa mbili."